Jiwe la Subiri Kidogo

Kila baa katika barabara ile ya ufukweni ilikuwa na namna yake ya kumpokea mgeni, na kila baa iliamini kuwa zile nyingine zinababaisha tu. Kwa mapacha wawili wenye runinga sita, mgeni alipewa glasi ya kwanza bure, kisha akabanwa aseme timu yake ni ipi kabla hajaonja. Kwa Mzee Tarumbeta, watu wazima na ndevu zao walisimama wakamwimbia mgeni wimbo ambao nusu yao hawakuyajua maneno yake, na watalii wengi walitoka pale kabla ya ubeti wa pili, wakisingizia simu. Wenye baa hizo wote walikuwa watu wa mbali waliokuja kupumzika wiki mbili, wakasahau kurudi kwao.

Kwa Nahodha ilikuwa mawe. Nahodha mwenyewe hakuwahi kuongoza hata mtumbwi. Huko kwao alikuwa fundi wa majokofu. Lakini aliingia mjini na kofia nyeupe yenye nanga, na watu wakamalizia wenyewe. Mgeni akija kwake kwa mara ya kwanza, awe mtalii wa siku tatu au mstaafu aliyekuja kuzeekea pale, alikalishwa kwenye stuli ndefu iliyo karibu na mlango. Mkaribishaji alikaa mbele yake, akamuuliza hili na lile, na kabla glasi haijaisha alikuwa ameshampatia jina. Jina liliandikwa kwa rangi nyeupe kwenye jiwe bapa la ufukweni, tena kwa lugha ya pale mjini, ili mgeni aondoke walau na neno moja kinywani. Kisha jiwe lilipandishwa rafuni. Ukiingia, jiwe lako linageuzwa uso mbele. Ukisafiri, linatazamishwa ukutani. Na ukifa, maana wengi wao walikuwa wamekula chumvi nyingi, jiwe lako linahamia kwenye beseni la shaba lenye maji, dirishani, upande wa bahari. Sharti lilikuwa moja tu: hakuna anayejiandikia jiwe mwenyewe.

Kwa miaka kumi na moja mkaribishaji alikuwa Dada Mkubwa. Ndivyo walivyomwita wote, hata wale waliomzidi umri wa kumzaa. Alikuwa mwanamke mrefu, msafi, mwenye sauti ya taratibu, na kichwa chake kilikuwa ghala. Alijua nani haongei vizuri na binti yake, nani asiulizwe kabisa habari za mke, nani barafu inamtia kikohozi. Mumewe, aliyekuwa fundi bomba, alikuwa akimtania kwamba anazijua habari za wale watu kuliko balozi zao. Majina aliyotoa yalikuwa ya heshima zake: Mwalimu, Daktari wa Meno, Bibi wa Maua, Bwana Mpole. Tuseme ukweli, walikuwapo Bwana Mpole watatu rafuni, kwa namba, lakini hakuna aliyelalamika. Hawakujua kuwa jina linaweza kuwa kitu kingine.

Halafu akaja Kitinda.

Kitinda alikuwa kitindamimba wa mama mkwe wa Dada Mkubwa, yaani wifi yake, msichana wa miaka ishirini na minne, mfupi, mwenye kicheko kinachotangulia kuingia chumbani kabla yake. Duka la vitambaa alikokuwa akiuza lilifungwa, kaka yake akamchukua akae nao. Siku moja mezani mume akakohoa kidogo, akauliza kama kule kwa Nahodha hakuna hata nafasi ya kuosha glasi. Dada Mkubwa akasema ataongea naye. Akaongea. Asubuhi ya kwanza akampeleka mwenyewe, akamfunga aproni kwa mikono yake, akamwonyesha dirisha dogo la jikoni ambako glasi chafu zinapitishwa. Baadaye, usingizi ulipompaa, hilo ndilo lililomkata maini kuliko yote: kwamba hakuna aliyemletea balaa lile, alilileta mwenyewe na akalifunga aproni.

Wiki ya tatu Dada Mkubwa alikwenda kung'olewa jino. Saa hizo hizo akaingia mgeni, mzee mwembamba mwenye kofia ya majani, aliyekuwa amejifunza maneno mawili tu ya pale. Akaulizwa atakunywa nini, akajibu, subiri kidogo. Akaulizwa jina, subiri kidogo. Akaulizwa kama amechomwa na jua, akainua kidole kwa adabu zote, subiri kidogo. Kitinda akafuta mikono, akatoka jikoni, akachukua brashi ambayo hakuna aliyempa, akaandika SUBIRI KIDOGO. Baa nzima ikavunjika mbavu. Dada Mkubwa aliporudi na shavu lililovimba alikuta watu bado wanapangusa machozi, na jiwe liko rafuni, uso mbele, na mzee yule amekaa chini yake kama bwana harusi.

Akacheka na yeye, kwa upande mmoja wa mdomo. Wakadhani ni jino.

Tangu hapo mambo hayakurudi yalipokuwa. Bwana Mpole Namba Mbili aliomba abadilishiwe jiwe, akatoka na NANI KASEMA, maana ndilo neno alilokuwa akilisema kila akiambiwa habari yoyote. Namba Tatu naye akafuata. Halafu akaja Mwalimu. Mwalimu alikuwa jiwe lake la kwanza kabisa, lile aliloliandika miaka kumi na moja nyuma. Alisimama mbele yake, akazungusha glasi, akasema kama haoni vibaya, kama hatajisikia vibaya, angependa na yeye apewe la kuchekesha. Dada Mkubwa akamjibu kwamba hana neno. Hana neno, na maneno yamemjaa.

Watalii walianza kuingia wakiuliza yuko wapi yule wa majina. Walikuwa wameambiwa na wenzao. Dada Mkubwa akisimama na brashi, wanamtazama, kisha wanatazama nyuma yake. Nyumbani nako hakukumpoza. Watoto wake wawili walimtaka shangazi awape majina, wakapewa, wakawa wanaitana hayo tu, na mumewe anacheka na mdomo umejaa chakula. Pale kaunta kulikuwa na kibao cha siku nyingi, cha mambo ya mtandao, kilichoandikwa kwa herufi kubwa WIFI BURE. Miaka yote alikipita bila kukiona. Siku hizi kila akikipita alihisi kinamsema yeye.

Na kama hayo hayatoshi, siku ya kuzaliwa Kitinda wateja walichangishana akili, wakaandika jiwe lake: KARIBU TENA. Mfanyakazi kupewa jiwe, jambo hilo halijawahi kutokea. Dada Mkubwa alipiga makofi. Alianza wa kwanza, akaacha wa mwisho, viganja vikamwasha. Lakini macho yake yalikuwa rafuni, yakipita safu baada ya safu, mawe mia tatu na ushei, karibu yote kwa mwandiko wake, na moja tu halikuwapo. Kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwaandikia wengine, hakuna aliyewahi kukumbuka kwamba yeye hajaandikiwa. Wivu ukamkaa kifuani kama tonge lisiloshuka. Alimwonea wivu Kitinda kwa kicheko, kwa mwandiko wa ovyo ambao kila mtu aliusifu, hata kwa ufupi wake, maana mtu mfupi watu humwinamia wakiongea naye.

Nahodha goti lilikuwa limemshinda. Ilibidi arudi kwao kupasuliwa, akae miezi minne, tena miezi ile ile ambayo ndege hushusha watalii asubuhi na jioni. Akatangaza kuwa Jumamosi, saa kumi alasiri, atasema nani atashika brashi akiwa hayupo. Anayeshika brashi ndiye anayekaa mlangoni, na anayekaa mlangoni ndiye baa. Aliichagua Jumamosi kwa sababu siku hiyo Subiri Kidogo alikuwa anarudi kutoka mji mkuu alikokwenda kusafishwa jicho, na wateja walitaka kumfanyia ka-sherehe. Kwa hiyo Dada Mkubwa alikuwa na siku tano za kujua kama miaka kumi na moja ina uzito, au inashindwa na kicheko cha miezi saba.

Alhamisi asubuhi alikuwa peke yake, anapangusa rafu. Akafika kwenye jiwe la Subiri Kidogo, limetazama ukutani kama ada. Akalishika. Hakuwa amepanga kitu, hilo alilishikilia baadaye hata mbele ya nafsi yake. Lakini akili ilikwenda mbio kuliko kitambaa. Jumamosi mzee ataingia, Kitinda, anayelitunza tangu aliandike, atanyoosha mkono kuligeuza jiwe, jiwe hakuna. Kupoteza jiwe la mgeni ni aibu ambayo baa ile haijawahi kuipata. Na Nahodha atakuwa amesimama pale pale, anatazama.

Lakini alifiche wapi? Jikoni Kitinda ataliona. Kwenye mkoba, huo ni wizi, na yeye hajawahi kuiba hata kijiko. Macho yakaangukia beseni la shaba. Mawe ya marehemu hakuna anayeyachezea. Akaingiza mkono majini, akalisukuma chini kabisa, chini ya wenzake, akaondoka akijipangusa.

Hata hajafika kaunta, Kitinda akaja na sinia, akasimama mbele ya rafu.

"Wifi, jiwe la Subiri Kidogo umeliona?"

"Mimi nitalionea wapi? Si wewe uliyeliweka?"

Kitinda akatazama pengo rafuni. Kisha akamtazama wifi yake, mkononi, ambako gauni lilikuwa limelowa hadi kwenye kiwiko. Akabeba sinia lake akaenda zake.

Usiku ule Dada Mkubwa alilala vizuri, jambo la aibu lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa, saa nne asubuhi, akajaza ndoo maji safi kama alivyoijaza kila Ijumaa kwa miaka tisa, akaitua chini ya dirisha. Na ndoo ilipogusa sakafu ndipo alipokumbuka. Ijumaa ni siku ya Bibi wa Maua. Mumewe Bibi wa Maua ndiye aliyekuwa jiwe la kwanza katika beseni lile, na tangu siku hiyo mjane huyo huja na taulo lake, akayatoa mawe yote moja moja, akayaosha, akayakausha, akayarudisha kwenye maji mapya. Kama kuna mtu mmoja katika mji mzima aliyepaswa kulikumbuka hilo, ni yule anayejaza ndoo.

Bibi wa Maua alikuwa ameshaingia. Alikuwa ameshakaa na kukunja mikono ya blauzi. Dada Mkubwa akasema leo amsaidie, apumzike, mgongo huo. Bibi wa Maua akamgonga kiganja kwa upole, akasema kazi hii haina msaidizi. Akaanza. Jiwe la mumewe kwanza, akalibusu. La pili. La tatu. Dada Mkubwa alisimama nyuma yake na kitambaa mkononi, akahesabu. Jiwe la kumi na tisa lilikaushwa, likageuzwa, na taulo likasimama.

"Lini?" akauliza Bibi wa Maua. Sauti ilikuwa ndogo sana.

Hakuna aliyemjibu, na kutojibiwa huko ndiko alikokuchukua kuwa jibu. Akaanza kulia. Mwalimu akaja kuona, akalisoma jiwe, akavua miwani. Jiwe huwekwa kwenye beseni na mkaribishaji baada ya habari za uhakika. Hivyo walivyozoea, kwa hiyo hakuna aliyeuliza habari zimetoka wapi. Kila mmoja alidhani mwenzake ameambiwa. Simu ya Subiri Kidogo ilipigwa, imezimwa. Ya hospitali ikaita mpaka ikachoka. Kabla ya saa sita barabara nzima ilikuwa imejua. Mapacha walizima runinga zote sita na mechi inaendelea, wakaja na kiti cha kukalia kila mmoja. Mzee Tarumbeta akaja na tarumbeta lake, akasimama mlangoni akapuliza kitu cha polepole kilichowaliza hata watalii wawili walioingia kuuliza choo. Nahodha akavua kofia. Ilikuwa mara ya kwanza, na ndipo watu walipojua kuwa kichwani hana hata unywele.

Dada Mkubwa alikuwa ameegemea kaunta. Alijiambia asubiri, itapoa. Haikupoa. Nahodha akafungua daftari lake la namba, akatafuta ya binti wa Subiri Kidogo, yule anayekaa ng'ambo na watoto watatu, akaanza kubonyeza. Dada Mkubwa aliijua habari ya binti huyo. Ni yule ambaye yeye na baba yake walikuwa hawasemezani mpaka mwaka huu.

"Hajafa," akasema.

Nahodha akashusha simu. Tarumbeta likakatika. Watu wote wakamgeukia, na miaka yote ile aliyotaka watu wote wamgeukie, hakutaka iwe hivi.

"Umejuaje?" Nahodha akauliza.

Kitinda alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni na glasi mkononi. Hakuwa amelia tangu asubuhi. Alikuwa anamtazama wifi yake tu.

"Ni mimi," Kitinda akasema. "Jana nilikuwa napangusa, nikalitia humo bila kuangalia. Wifi ameniona nilivyobadilika uso, ndiyo maana amejua. Nisameheni."

Nahodha hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga. Alivaa kofia yake, akasema mtu anayechanganya walio hai na waliokufa hawezi kukaa mlangoni pake, na kwamba hana haja ya kungoja kesho. Akaitungua brashi kutoka kwenye msumari, akamkabidhi Dada Mkubwa mbele ya watu wote. Kitinda arudi kwenye glasi.

Na Dada Mkubwa aliipokea. Hili lazima lisemwe, maana angeweza kusema neno moja na hakulisema. Aliipokea kwa mikono miwili.

Alasiri ile nyumbani alimkuta Kitinda anakunja sare za shule za watoto. Akasimama mlangoni, akisubiri alaumiwe, amejiandaa kabisa, majibu kayapanga. Kitinda akaendelea kukunja. Mwishowe ikabidi aulize mwenyewe.

"Kwa nini?"

"Mimi wifi nikiondolewa pale nitapata pengine," Kitinda akasema, bila kinyongo, kama anayeeleza njia ya sokoni. "Wewe pale ndipo ulipo. Ukitoka utakwenda wapi?"

Heri angemzaba kofi. Dada Mkubwa alikwenda kukaa chooni, mlango kafunga, na maji kafungua ili asisikike. Amehurumiwa. Mtu anayemwonea wivu mchana na usiku, kumbe mwenzake anamwonea huruma. Na hata hapo, juu ya ndoo iliyogeuzwa, kitu kimoja ndani yake kilikuwa bado kinasema: ona, hata moyo anao mzuri kukushinda.

Jumamosi saa kumi Subiri Kidogo akaingia na bandeji jichoni. Alikuwa ameambiwa njiani, mara nne, na watu wanne, kwamba amekufa. Akasimama katikati ya baa, akafungua mikono, akaomba asubiriwe kidogo, na watu wakamrukia. Alipopata pumzi akaeleza kwamba huko kwao alikaa ghorofa moja miaka kumi na minne na jirani wa mlango wa pili hakuwahi kulijua jina lake. Hapa ana miezi saba, ameliliwa na tarumbeta. Binti yake, alipompigia mwenyewe kumweleza mkanganyiko, alilia, kisha akasema anakuja kumwona. Anakuja na watoto. Mzee akapangusa lile jicho moja. Akauliza ni nani aliyefanya kosa hilo, ampe mkono.

Wote wakaonyesha dirisha la jikoni.

Mzee akaiburuta stuli yake hadi pale dirishani, akakaa, akaushika mkono wa Kitinda wenye povu. Nani Kasema akaburuta ya kwake. Mwalimu akafuata, na mapacha, na Bibi wa Maua na juisi yake. Kitinda alichekacheka na povu hadi viwikoni, akasema mzee ameonja mazishi yake kabla ya wakati, watu wakagonga meza. Punde baa nzima ilikuwa imehamia kwenye dirisha la glasi chafu. Mlangoni amebaki Dada Mkubwa, na stuli ndefu, na brashi.

Mwanzoni alidhani kinachomchoma ni majuto. Angependa iwe majuto. Lakini alikijua kile kitu, wamekaa pamoja miezi saba, hawawezi kupotezana. Kosa lile lilikuwa lake. Alilibuni yeye, alilitenda yeye, gauni lililolowa ni la kwake. Na sasa limezaa mema, binti anakuja, wajukuu wanakuja, na shukrani zote anazipokea mwingine. Hata dhambi yake Kitinda kaichukua, na kaipendezesha.

"Ni mimi niliyeliweka jiwe," akasema.

Hawakusikia. Akasogea, akarudia kwa sauti ambayo haikuwa ya taratibu.

"Ni mimi. Nililiweka kwa makusudi, kwa sababu namwonea wivu huyu. Kitinda hakufanya kitu. Hilo kosa ni langu."

Mwalimu akavua miwani kwa mara ya pili wiki ile. Kisha Nahodha akatikisa kichwa taratibu, akasema, mnaona mawifi wanavyositiriana. Na watu wakaanza kupiga makofi. Dada Mkubwa akasema hapana, sikilizeni, nasema kweli, akaeleza rafu, akaeleza mkono, akaeleza maji. Kadiri alivyoeleza ndivyo makofi yalivyozidi. Mapacha, ambao walikuwa hawajakubaliana jambo tangu wazaliwe, walikumbatiana. Bibi wa Maua akamwambia sikioni kwamba mtu anayejitwika kosa la mwenzake namna ile hajamwona tangu afiwe. Hakuna aliyemwamini. Miaka kumi na moja ya uaminifu ilikuwa imemharibia hata ungamo lake.

Ni Subiri Kidogo aliyeuliza jiwe la mama huyu liko wapi. Macho yakapanda rafuni, yakapita safu baada ya safu kama yake yalivyopita siku ile. Watu wakaona haya. Ikaamuliwa liandikwe hapo hapo. Nahodha akasema brashi ni ya Dada Mkubwa na itabaki yake, lakini sharti ni sharti, hakuna anayejiandikia. Basi aandikiwe na nani? Swali hilo hata halikuulizwa. Dada Mkubwa akatembea hadi dirishani, akampa Kitinda brashi.

Kitinda akakausha mikono, kidole kimoja kimoja. Akachagua jiwe. Akamtazama wifi yake, na kwa mara ya kwanza tangu ahamie mjini uso wake haukuwa na kicheko hata cha akiba. Akaandika haraka, akalipuliza, akalipandisha mwenyewe rafuni, kando ya lake.

UMEJUAJE.

Vicheko vikapasua dari. Lilikuwa jina lake hasa, maana nani asiyejua kuwa Dada Mkubwa anajua kila kitu cha kila mtu? Nahodha alijipiga goti kwa furaha, lile bovu, akaguna. Dada Mkubwa akalisoma mara mbili. Aliulizwa swali hilo Ijumaa, hakulijibu. Amelijibu leo, hawakumsadiki. Sasa limeandikwa kwa rangi isiyofutika, na mwandishi anamtazama kupitia dirisha dogo, anasubiri, bila haraka.

Jumatatu Nahodha alisafiri. Jumanne saa tano ndege ya kwanza ya msimu ikashusha watu wake, na mwanamke mmoja mwenye pua iliyochomwa na jua na begi linalomzidi kimo akaingia, akakalishwa kwenye stuli ndefu. Dada Mkubwa akamletea kinywaji, akakaa mbele yake na brashi. Akamuuliza ametoka wapi, amekuja na nani. Mwanamke alikuwa anatazama rafu. Akauliza, kwa lugha yake, jiwe la mwenyeji ni lipi. Dada Mkubwa akamwonyesha.

Mwanamke akalisoma silabi baada ya silabi, kwa kidole. Akauliza maana yake. Akaambiwa. Akauliza kwa nini aliitwa hivyo.

Kule jikoni mlio wa glasi ukakoma.

Jibu la wateja lilikuwapo tayari, fupi na la kuchekesha. Dada Mkubwa aliliweka mdomoni, akalionja, akalimeza. Akamwambia mgeni akae vizuri, maana yule anayemwona dirishani pale, yule mfupi, ni wifi yake, na habari inaanzia kwake. Akaanza kusimulia, na safari hii hakukatizwa na makofi. Mgeni alimsikiliza bila kucheka, akamwamini kila neno.

Na hata hapo katikati ya maneno, kila macho yake yalipopanda rafuni, kuna kitu kilimbana tena pale pale kifuani. Lilikuwa jina zuri. Miaka kumi na moja ameshika brashi, yeye hakuwahi kupata zuri kama hilo.